Wanasema ukichelewa umeachwa: je, nifuate kila linalovuma?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na wenzangu wawili tunaendesha jarida dogo la mtandaoni linalohusu malezi. Tuna tovuti, na kila wiki tunawatumia wasomaji wetu barua pepe. Hatujatajirika, ila wasomaji wanaongezeka pole pole na wengi hutujibu. Shida ni kwamba kila baada ya muda tunaambiwa dunia imehama. Kwanza vilikuwa vyumba vya mazungumzo ya sauti, ikaja metaverse (ulimwengu wa kidijitali ambao mtu anaingia kama vile yumo ndani), zikaja video fupi, na sasa akili mnemba. Mwezi uliopita video yetu moja ya sekunde arobaini ilitazamwa na watu wengi kuliko makala zetu zote za mwaka mzima. Tangu hapo mwenzangu mmoja hasikii haambiwi: anataka tuache makala kwa miezi sita tufanye video fupi tupu, makala chache zitakazobaki ziandikwe na akili mnemba, na tulipie kozi ya mtu anayesema amewafundisha wengi wakafanikiwa. Mimi nasita, lakini naogopa isije ikawa nimezeeka tu. Kuna njia ya kujua mapema lipi ni la kweli na lipi ni upepo?"

Ndugu msomaji,

Swali lako limebeba maswali mawili. Moja ni la kazi: mhamie video au msihamie. La pili ndilo naona linakunyima raha: kusita kwako ni busara au ni woga wa mambo mapya? Nianze na hilo, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Kusita peke yake hakuthibitishi chochote. Mtu anaweza kusita kwa sababu ameona kasoro, na mwingine akasita kwa uvivu wa kujifunza, na ukiwatazama kwa nje huwezi kuwatofautisha. Jiulize hivi: ni takwimu gani ikiletwa mezani kesho nitakubali kwamba mwenzangu ana haki? Ukikosa jibu, basi ana sababu ya kukushuku. Na yeye muulize takwimu gani itamfanya aachane na video. Akikosa jibu, mko sare.

Sasa lile la kujua mapema. Njia hiyo haipo, na anayedai anayo anakuuzia upepo ule ule unaoukimbia. Mwaka 1995 Clifford Stoll, mwanaastronomia Mmarekani aliyeifahamu intaneti wakati wengi hawajaisikia, aliandika katika jarida la Newsweek akikejeli wazo kwamba watu wangekuja kununua bidhaa na kusoma magazeti kupitia mtandao. Hakuwa mjinga, miaka ya 1980 ndiye aliyemfuatilia na kumfichua mdukuzi aliyekuwa akiingia kwenye kompyuta za maabara alikofanya kazi. Upande wa pili, Machi 2022 benki ya Citi ilikadiria kuwa uchumi wa metaverse ungeweza kufika kati ya dola trilioni 8 na trilioni 13 ifikapo mwaka 2030. Miezi michache baadaye washauri wa McKinsey wakasema hadi trilioni 5. Hapo watu wenye elimu na vifaa vyote wanakadiria kitu kimoja, na pengo kati yao ni matrilioni. Makadirio ya namna hiyo husambaa kwa sababu yana tarakimu, na tarakimu humpa mwandishi kichwa cha habari.

Kwa hiyo tuachane na utabiri. Tunachoweza kukijua ni haya: sifa hizi zinatoka kwa nani, kinachohesabiwa ni nini hasa, na tukikosea tutaumia kiasi gani. Hayo matatu yanatosha kabisa kufanyia uamuzi.

Niruhusu nikae kidogo kwenye mfano mmoja, maana unafanana mno na wenu. Kati ya mwaka 2015 na 2017 vyombo vya habari vya mtandaoni nchini Marekani viliambiwa kwamba maandishi yamekwisha na watu wanataka video. Facebook, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwaletea wasomaji wengi, ilikuwa ikizipa video kipaumbele, na takwimu zake zilionyesha kuwa watazamaji wanakaa muda mrefu. Mwaka 2017 peke yake Vocativ, MTV News, Fox Sports na Mic walipunguza waandishi ili nguvu ielekezwe kwenye video. Novemba 2018 Mic ikawaachisha kazi karibu wafanyakazi wote waliokuwa wamebaki, kisha ikauzwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na ilivyowahi kuthaminiwa.

Takwimu zile zilikuwa na dosari. Facebook ilipokuwa ikitafuta wastani wa muda wa kutazama, ilichukua muda wote uliotazamwa ikaugawa kwa idadi ya waliotazama angalau sekunde 3. Waliopita mapema zaidi hawakuingia kwenye ugawaji. Chukua video moja na watu 10. Saba wanaipita baada ya sekunde 1 kila mmoja. Watatu wanabaki: mmoja sekunde 20, mwingine 30, mwingine 40. Jumla ni sekunde 97. Ukigawa kwa watu wote 10, wastani hauzidi sekunde 10. Ukigawa kwa wale watatu tu, unapata zaidi ya 32. Ni kama mwalimu anayetafuta wastani wa darasa huku amewaacha nje wote waliofeli. Mfano wangu nimeukuza ili uonekane vizuri. Katika hali halisi kampuni ya matangazo ya Publicis iliwaarifu wateja wake kwamba Facebook imeiambia wastani ulikuwa umezidishwa kwa asilimia 60 hadi 80. Watangazaji waliofungua kesi walidai ulizidishwa kuliko hapo, na mwaka 2019 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 40 kumaliza shauri bila kukiri kosa.

Lakini kuna jambo ambalo husahaulika katika simulizi hii. Dosari hiyo ilitangazwa Septemba 2016. Wale niliowataja walipunguza waandishi mwaka uliofuata. Yaani habari ya kwamba kipimo ni kibovu ilikuwa imeshatoka, imeandikwa magazetini, na bado mkumbo uliendelea. Siwezi kusema hesabu ile peke yake ndiyo iliyowaangusha, maana fedha za matangazo zilikuwa zinawahama tangu zamani na huenda wengine wangeanguka hata bila video. Ninachosema ni kwamba waliobadili kazi nzima kwa kutegemea kipimo cha mtu mwingine hawakuwa na kipimo chao cha kuwashtua.

Turudi kwenye video yenu ya sekunde arobaini. Hongereni, na sisemi kwa kejeli. Ila hamjui imewaambia nini. Majukwaa ya video fupi kwa kawaida huionyesha video kwa kundi dogo kwanza. Likikaa kuitazama, likairudia au likaisambaza, mfumo huipeleka kwa kundi kubwa zaidi, kisha kubwa zaidi. Katika ngazi zile za mwanzo kubahatika kuna nafasi kubwa. Watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walilionyesha jambo hili vizuri mwaka 2006, kwa muziki. Waliwachukua washiriki zaidi ya 14,000 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakawagawa katika makundi yasiyoonana. Katika makundi mengi mtu aliona ni mara ngapi kila wimbo umepakuliwa na wenzake wa kundi lake. Nyimbo zilikuwa zile zile, lakini zilizoshika chati katika kundi moja siyo lazima zilishika katika lingine. Nyimbo bora kabisa ni nadra kushika mkia na mbaya kabisa ni nadra kuongoza; zile za katikati zingeweza kuishia popote. Watu wakishaona wengine wamechagua, nao huchagua huko huko, na tofauti ndogo ya mwanzo inazaa tofauti kubwa.

Kwa hiyo video moja iliyolipuka haikuonyeshi kwamba video ndiyo njia yenu. Inakuonyesha kwamba video yenu inaweza kulipuka, na hilo ni jambo dogo zaidi. Msishangae mkitoa kumi zinazofuata zikarudi kwenye idadi ya kawaida. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa vibaya au, ambalo ni baya zaidi, huanza kubadili mada zao wakifukuzia ile bahati. Jarida la malezi linajikuta linatengeneza vituko vya watoto.

Umesema pia unaogopa kuachwa kwa kuwa kila mtu anaonekana yuko huko. Huyo "kila mtu" amechujwa kabla hajakufikia. Aliyehamia video akafanikiwa anasimulia, anaalikwa, anahojiwa. Aliyehamia akapoteza wasomaji wake ananyamaza au anafunga tovuti, na tovuti iliyofungwa haiposti chochote. Zaidi ya hapo, mapya yana mbio kuliko ya zamani. Utafiti wa watu wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, uliotoka katika jarida la Science mwaka 2018 ulichambua habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 70, wa kusambazwa tena kuliko za kweli, na waliozisambaza zaidi walikuwa binadamu, wala si programu. Moja ya sababu walizoziona ni upya wake: zilishtua. Hapo lilikuwa suala la uongo mtupu, na sidai kwamba kila mtindo mpya ni uongo. Lakini "makala ndefu zimekufa" ni habari inayoshtua. "Makala ndefu zinaendelea kusomwa kiasi na wanaozipenda" haimshtui mtu, hivyo hutaiona ikizunguka hata kama ni kweli.

Basi ukitaka kupima uzito wa habari ya namna hiyo, usihesabu ni makala ngapi umekutana nazo. Zifuatilie zilikotoka. Mara nyingi utakuta makala ishirini zimetokana na tangazo moja la kampuni au uchunguzi mmoja uliolipiwa na anayeuza huduma hiyo hiyo.

Kuhusu vile vyumba vya sauti, programu yake iliyovuma, Clubhouse, ilithaminiwa kuwa na thamani ya takriban dola bilioni 4 Aprili 2021. Aprili 2023 ilipunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake. Haikuwa utapeli, watu kweli walikuwa wakikesha mle. Ila ilikua wakati mamilioni wamefungiwa majumbani na janga la korona, na hali hiyo ilipoondoka wasikilizaji waliondoka nayo, huku majukwaa makubwa yakiwa yameshaiga kitu kile kile. Kila ukiona jambo limepanda ghafla, uliza limepandishwa na nini, na hicho kilicholipandisha kitadumu? Podikasti kwa upande wake zilisota kwa miaka mingi bila shangwe, na leo zipo kila mahali. Kupiga kelele na kudumu ni mambo mawili yasiyofuatana sana, wala kinyume chake hakifuatani: kitu kutokuvuma hakukifanyi kuwa kizuri.

Sasa akili mnemba, na hapa nitakuwa tofauti kidogo. Hii naitumia na inafanya kazi: kunakili maneno ya sauti, kufupisha nyaraka, kunionyesha sentensi iliyojikunja. Kosa ni kuruka kutoka "inafanya kazi" hadi "itafanya kazi hii bila mtu". Tovuti ya CNET ilianza kuchapisha makala za fedha zilizoandikwa kwa msaada wa akili mnemba Novemba 2022. Januari 2023, baada ya makosa kuonekana, ilizipitia zote 77 na kurekebisha 41. Kosa mojawapo lilikuwa hili: msomaji aliambiwa kwamba akiweka dola 10,000 benki kwa riba ya asilimia 3, mwisho wa mwaka atakuwa amepata faida ya dola 10,300. Faida ni 300. Ile 10,300 ni mtaji na faida pamoja. Sentensi ilikuwa imenyooka, na kwa sababu hiyo mhariri aliyechoka anaweza kuipita bila kuishtukia. Nyinyi mnaandika kuhusu watoto. Badala ya riba weka kipimo cha dawa ya homa, kisha umuulize mwenzako nani atakayeshika lawama. Makala chache zitakazobaki ndizo zinazotakiwa kuandikwa na nyinyi wenyewe. Mashine isaidie kwenye kazi za pembeni.

Na jihadharini na jina tupu. Desemba 2017 kampuni ya vinywaji ya Marekani, Long Island Iced Tea, ilibadili jina na kujiita Long Blockchain, kwa jina la teknolojia ya sarafu za kidijitali iliyokuwa ikivuma, na bei ya hisa zake ikapanda zaidi ya maradufu siku moja. Chai haikuwa imebadilika. Mwaka uliofuata iliondolewa kwenye soko la hisa la Nasdaq. Siku hizi lebo inayobandikwa ni akili mnemba, na mwenye duka la programu anajua hilo.

Hiyo kozi nisingeilipia. Si kwamba kozi zote ni za ulaghai. Muulizeni huyo mwalimu jambo moja: mapato yake yanatoka kwenye video anazofundisha kutengeneza, au yanatoka kwenye kozi? Kama ni kozi, basi mbinu aliyoithibitisha ni ya kuuza kozi. Muombeni pia orodha ya wanafunzi wake wote wa mwaka fulani, wala si wale watatu waliotoa ushuhuda. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Je, msiguse video basi? Hapana, na ndipo ninapompa mwenzako haki yake. Kukataa kila kipya kuna gharama, ila huioni kwa sababu hakuna anayekutumia hesabu ya wasomaji ambao hawakukufahamu. Video fupi zina wazazi wengi ambao hawatafungua makala ya maneno elfu mbili mpaka wakujue kwanza. Tofauti ninayoiweka ni kati ya hatua mnayoweza kurudi nyuma na hatua isiyorudika. Kutengeneza video mbili kwa wiki kunarudika. Kusimamisha barua pepe kwa miezi sita hakurudiki: wasomaji waliozoea siku yenu watazoea ya mwingine. Halafu orodha ya anwani za wasomaji ni mali yenu. Wafuasi wa kwenye jukwaa ni wa jukwaa. Likibadili mfumo wake usiku, asubuhi unawatafuta.

Ningekuwa mimi, ningempa huyo mwenzenu nusu ya muda wake kwa wiki nane afanye video, makala ziendelee kama kawaida. Kabla ya kuanza, andikeni kwenye karatasi kinachohesabika. Msihesabu waliotazama, maana hicho ni kipimo cha mwenye jukwaa. Hesabuni waliotoka kwenye video wakajisajili, na muhimu zaidi, wangapi kati yao bado wanafungua barua ya nne. Hata hapo kuweni waangalifu: baadhi ya huduma za barua pepe hufungua picha zilizomo zenyewe, na mfumo ukahesabu kana kwamba mtu amesoma. Apple walianza hivyo mwaka 2021. Majibu na mibofyo ni ushahidi mzuri kuliko kufungua. Wekeni tarehe ya kukaa na kuamua, na mwandike sasa hivi, kabla matokeo hayajaingia, idadi gani itatosha kuendelea na idadi gani itatosha kuacha. Mkingoja matokeo kwanza, kila mmoja atayasoma anavyotaka.

Video ile iliyolipuka itumieni kuanzia leo. Chini yake wekeni njia ya kujisajili kama hamkuweka. Pia chukueni mada moja, muifanye kwa makala na kwa video, mlinganishe maswali mnayopata. Mara nyingine idadi inafanana lakini maswali yanatofautiana kabisa, na hilo litawaambia mnazungumza na nani.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyabeba. Ikifika mahali pa kukopa, kumwachisha mtu kazi au kusimamisha chanzo chenu cha mapato, kaeni ana kwa ana na mhasibu aliyeona vitabu vyenu. Ikija karatasi ya kusaini inayotaja haki za kazi zenu au orodha ya wasomaji, mwanasheria aisome kwanza, hata kama mnaambiwa nafasi inafungwa kesho. Tafuteni pia mtu mwenye jarida la ukubwa wenu aliyejaribu video, mkae naye akiwafungulia takwimu zake mbele yenu. Picha za skrini anazoposti hazitoshi, kwa kuwa hakuna anayeposti mwezi mbaya. Na kama wasiwasi wa kuachwa umefika kiwango cha kukukosesha usingizi au kukufanya ushike simu usiku kucha, hilo zungumza na mshauri wa afya ya akili.

Mkikutana na mwenzako, usianze na Clubhouse wala metaverse. Ataona unamfanyia mahakama. Mwombe alete takwimu za ile video: kati ya walioitazama, wangapi walitembelea tovuti, wangapi walijisajili, na leo wangapi kati ya hao bado wapo. Kama waliobaki ni wengi kuliko mnaowapata kwa makala katika kipindi hicho hicho, basi mwongezee muda wa video, na mimi nitakuwa upande wake.